UZI: Vitabu na ripoti ambazo mtu wa ununuzi wa kijeshi anapaswa kuzisoma, na kwa nini nyingi si vitabu

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Swali la vitabu vya kusoma kwa mtu aliyepangiwa kitengo cha ununuzi katika wizara ya ulinzi, makao makuu ya jeshi au shirika linalouzia jeshi huulizwa mara kwa mara, na majibu mengi huishia kwenye vitabu vya uongozi na wasifu wa majenerali. Wasifu wa jenerali una raha yake, lakini haumfundishi mtu kusoma kiambatisho cha mkataba. Nafungua uzi huu nikiwa na msimamo mmoja ambao namkaribisha yeyote aupinge: ununuzi wa kijeshi huharibika mapema, kwenye karatasi ya mahitaji na kwenye makisio ya bei, muda mrefu kabla zabuni haijatangazwa. Kwa hiyo usomaji wenye faida kubwa ni ule unaoonyesha jinsi hatua hizo mbili zilivyofanyika, na huo hupatikana zaidi katika ripoti za wakaguzi na tume za uchunguzi kuliko katika vitabu vya kiada.

Sheria naipitia haraka, kwa sababu hakuna asiyejua kwamba inabidi isomwe. Aliye Tanzania aanze na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 pamoja na kanuni zake. Aliye Kenya, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015. Aliye Uganda, sheria ya mwaka 2003 na marekebisho yake. Visomwe kwa utulivu vifungu vinavyogusa vyombo vya ulinzi na usalama, kwa kuwa wengi huingia kazini wakidhani jeshi liko nje ya sheria. Mwelekeo wa sheria za ukanda wetu ni kutenganisha vitu vya siri, vyenye utaratibu wake, na vitu vya kawaida kama chakula, matairi na majengo. Vishawishi vingi huanzia pale mtu anapohamisha kitu cha kawaida na kukiingiza katika orodha ya siri.

Sasa nije kwenye kiini. Ripoti ya kwanza ninayoipendekeza ni ile ya mwaka 2008 ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza kuhusu helikopta za Chinook Mk3. Mwaka 1995 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliagiza helikopta 8 za aina hiyo kwa takriban pauni milioni 259, na zilipoletwa ikabainika kwamba haziwezi kutumika kwa kazi iliyokusudiwa. Jambo la kufundisha ni kwamba muuzaji alikabidhi kile kilichoandikwa katika mkataba. Ambacho hakikuandikwa ni sharti la kumpa mnunuzi nyaraka na msimbo wa programu za kompyuta zinazoendesha vifaa vya chumba cha rubani, ili wataalamu wa Uingereza wazichunguze na kuthibitisha usalama wake kwa viwango vyao wenyewe. Bila uthibitisho huo helikopta hazikuruhusiwa kuruka ndani ya mawingu, zikakaa bandani kwa miaka huku vikosi vilivyokuwa Afghanistan vikilia kwa uhaba wa helikopta. Hapakuwa na rushwa wala mzabuni hewa katika kisa hicho, na ndiyo maana nakiweka mbele: mtu anaweza kuwa mwadilifu, akafuata kila hatua ya zabuni, na bado akanunua kitu kisichoruka kwa sababu sentensi moja ilikosekana kwenye mahitaji.

Ya pili ni ripoti ya Charles Haddon-Cave ya Oktoba 2009 kuhusu ndege ya doria ya Jeshi la Anga la Uingereza, Nimrod XV230, iliyowaka moto na kuanguka Afghanistan tarehe 2 Septemba 2006 na kuua watu wote 14 waliokuwamo. Ni ripoti ndefu, lakini sura zinazoeleza jinsi tathmini ya usalama wa ndege hizo ilivyoandaliwa zinapaswa kusomwa na kila anayesaini hati ya kupokea kazi ya mkandarasi. Tathmini hiyo ililipiwa, ikakaguliwa na mshauri aliyeitwa wa kujitegemea, ikapigwa mihuri. Ndani yake hatari kadhaa zilikuwa zimeachwa wazi bila kufanyiwa kazi, na hakuna aliyezifuatilia kwa sababu karatasi zilikuwa zimekamilika. Sijui maandishi mengine yanayoonyesha kwa ukali kiasi hicho tofauti iliyopo kati ya kununua usalama na kununua faili la usalama.

Mwezi huohuo ilitoka ripoti ya Bernard Gray, iliyoandikwa kwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, ikisema kwamba miradi mikubwa ya zana ilichelewa kwa wastani wa asilimia 80 ya muda uliopangwa, yaani miaka mitano hivi, na gharama zikapanda kwa takriban asilimia 40. Maelezo ya sababu ndiyo yenye thamani zaidi. Kila kikosi hutaka mradi wake uingie kwenye bajeti, kwa hiyo hukadiria bei ya chini. Muuzaji naye anataka mkataba, kwa hiyo hakanushi. Na mradi ukishaanza hakuna anayethubutu kuufuta. Jambo hilo halikuwa geni. Merton Peck na Frederic Scherer walikwisha kulichambua kiuchumi mwaka 1962 katika The Weapons Acquisition Process, wakichunguza miradi 12 ya silaha ya Marekani na kukuta kwamba gharama halisi kwa wastani ilizidi mara 3 ya makisio ya awali. Kitabu ni kizito, jedwali juu ya jedwali, ila sura za motisha za mkandarasi bado hazijapitwa na wakati. Anayeona uzito aanze na Arming America cha J. Ronald Fox, cha mwaka 1974, kilichoandikwa na mtu aliyewahi kuwa ndani ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani akisimamia ununuzi.

Kuhusu aina za mikataba, someni kisa cha ndege ya A-12 ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Mwaka 1988 kampuni za McDonnell Douglas na General Dynamics zilipewa mkataba wa bei isiyobadilika wa kubuni ndege ambayo teknolojia yake ilikuwa bado haijakomaa. Ndege ikazidi uzito, ratiba ikateleza, na Januari 1991 Waziri wa Ulinzi Dick Cheney akaufuta mradi. Kesi iliyofuata ilidumu hadi mwaka 2014. Wengi wetu tumefundishwa kwamba bei isiyobadilika humlinda mnunuzi, na kwa magunia ya mchele ni kweli. Kwa kitu ambacho hakijawahi kutengenezwa, bei hiyo humfanya mkandarasi afiche habari mbaya hadi zisiweze kufichika.

Kimoja cha mwisho ni The Polaris System Development cha Harvey Sapolsky, cha mwaka 1972. Mradi wa makombora ya Polaris, yanayorushwa kutoka nyambizi za Marekani, husifiwa kwa chati zake za kusimamia kazi, zilizoigwa kote duniani. Sapolsky anaonyesha kwamba chati hizo ziliwasaidia wakuu wa mradi kuwazuia wakaguzi na wanasiasa wasiwaingilie, kuliko zilivyosaidia kujenga kombora. Kila ninapoona mshauri elekezi akifungua wasilisho lenye rangi saba, hukumbuka kitabu hicho.

Karibuni mchangie. Tafadhali tusijadili mikataba ya siri ya nchi yoyote. Yaliyo hadharani yanatutosha.

Mwanasheria wa Pwani

Mleta uzi, heshima yako. Umeeleza vizuri, ila napinga jambo moja. Orodha yako imejaa nchi zinazobuni silaha zao, ilhali majeshi yetu hununua vitu vilivyokwisha kutengenezwa, mara nyingi kupitia mawakala. Kwetu tatizo si ndege inayozidi uzito kwenye meza ya wabunifu. Ni mtu wa kati anayekula kamisheni, na ni kitu kilichotumika kinachopakwa rangi mpya. Afisa wa kwetu anayesoma habari za Polaris ataelimika, lakini hatajua la kufanya wakala atakapomfuata hotelini.

Ningeanza na nyaraka za rada ya Tanzania. Mfumo huo wa kuongoza ndege uliuzwa na BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa pauni milioni 28, na kibali cha kuuza kilitolewa na serikali ya Uingereza mwishoni mwa mwaka 2001 licha ya upinzani wa Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa, na wasiwasi wa Benki ya Dunia kuhusu gharama. Desemba 2010 kampuni hiyo ilikiri katika mahakama ya Southwark, London, kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu malipo ya takriban dola milioni 12.4 kwa kampuni za mshauri wake wa masoko nchini Tanzania. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na kwa makubaliano ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha zilizoelekezwa kwenye elimu. Maelezo ya hakimu wakati wa kutoa adhabu ni mafupi na yanapatikana hadharani. Msomaji ataona jinsi hakimu alivyokuwa na mashaka na simulizi kwamba fedha zote zile zilikuwa ujira wa ushawishi wa kawaida, na jinsi alivyofungwa mikono na kosa dogo lililokuwa mbele yake.

Kisha kuna Uganda. Mwaka 1998 zilinunuliwa helikopta za Mi-24 kutoka Belarus. Zilizofika hazikufaa kuruka, na Jaji Julia Sebutinde akaongoza tume ya kuchunguza. Kisa hicho hakihitaji nadharia ya motisha, kwa sababu kinahusu ukaguzi kabla ya kupakia mzigo na malipo yaliyotangulia ukaguzi.

Mleta uzi

Mwanasheria, shukrani. Sehemu ya mawakala nakubali moja kwa moja, na nilipaswa kuipa nafasi tangu mwanzo. Ila rada unayoitaja inaunga mkono hoja yangu pia. Mojawapo ya hoja za wapinzani wa mpango ule, kabla hata jina la wakala halijajulikana hadharani, ilikuwa kwamba mfumo wenye sura ya kijeshi ulikuwa mkubwa na wa gharama kupita haja ya kuongoza ndege za abiria. Kamisheni inahitaji mahali pa kujificha, na mahitaji yaliyotiwa chumvi ni maficho mazuri.

Mfano ulio wazi zaidi ni Afrika Kusini. Katika ununuzi mkubwa wa mwaka 1999, wenye meli za kivita, nyambizi, helikopta na ndege, kulikuwa na ushindani wa ndege za mafunzo. Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Joe Modise, aliagiza tathmini ifanyike bila kuhesabu gharama, na kwa njia hiyo Hawk ya Uingereza ikaipita ndege ya Italia iliyokuwa ya bei nafuu. Jambo hilo limeelezwa katika ripoti ya pamoja ya uchunguzi ya Novemba 2001, na ningependa kila mjumbe wa kamati ya tathmini aisome. Halafu asome kilichofuata: Tume ya Seriti, iliyoundwa mwaka 2011, haikuona ushahidi wa ufisadi, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaitengua ripoti yake. Ukizisoma zote mbili pamoja na hukumu, unajifunza namna ya kuchunguza na namna ya kutochunguza. Zingatia pia ahadi za uwekezaji wa fidia, yaani muuzaji kuahidi kuwekeza katika nchi ya mnunuzi ili apate mkataba, zile ajira zaidi ya 60,000 zilizotajwa kuwa zingeletwa na wauzaji. Ahadi za namna hiyo hupendwa sana na wanasiasa, na ndizo ngumu kupima kuliko kipengele kingine chochote cha mkataba. Andrew Feinstein, aliyekuwa mbunge wa ANC katika kamati ya hesabu za serikali, ameandika kwa kirefu kuhusu mpango ule. Msomeni mkikumbuka kwamba anaandika kama mtu aliyejeruhiwa na jambo lenyewe.

Bohari Kuu

Ndugu zangu, mimi nimekaa upande wa ugavi. Nasoma uzi huu na kuona ndege, rada na nyambizi. Kazi ya kila siku ya afisa ununuzi wa jeshi ni buti, sare, unga, mafuta, betri, matairi na vipuri vya malori. Askari hatambui mkataba wa helikopta, lakini buti likifunuka soli porini analitambua. Je, kwa upande huu hakuna cha kusoma?

Mleta uzi

Mkuu Bohari Kuu, swali lako lina uzito kuliko mada niliyoianza nayo, maana fedha nyingi za majeshi yetu hupita huko.

Kipo kisa cha zamani ambacho hakijachuja. Katika vita vya Crimea, majira ya baridi ya mwaka 1854 kuingia 1855, askari wa Uingereza walipewa buni mbichi isiyokaangwa, bila vifaa vya kuikaanga wala kuisaga na bila kuni za kutosha. Kimakaratasi, kahawa ilitolewa. Serikali ikawatuma Sir John McNeill na Kanali Alexander Tulloch kuchunguza idara ya mahitaji, na ripoti yao inaonyesha watu wakiugua na kufa karibu na bandari yenye shehena, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jukumu la kuufikisha mzigo kwa mlaji ukiwa katika hali ya kutumika.

Kisa cha pili ni cha kwetu kabisa. Geoffrey Hodges aliandika The Carrier Corps, kilichotoka mwaka 1986, kuhusu wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao kwa maradhi kuliko risasi. Chakula kilikuwa mojawapo ya sababu kubwa: watu walilishwa nafaka wasiyoizoea, au unga uliosagwa vibaya na kupikwa nusunusu kwa sababu ya haraka na uhaba wa vyombo, na matumbo yakawaua. Afisa anayeandika vigezo vya unga leo, kiwango cha unyevu, usagaji, ufungashaji na muda wa kukaa ghalani, anafanya kazi ambayo ilipopuuzwa iligharimu jeshi zima la wapagazi.

Kwa vipuri, ushauri wangu ni wa kiufundi tu: jifunzeni mfumo wa NATO wa kuorodhesha vifaa kwa namba ya tarakimu 13, hata kama nchi yenu si mwanachama. Vipuri vingi vinavyouzwa duniani hubeba namba hiyo, na mnunuzi anayeijua hawezi kuuziwa kipuri kilekile kwa majina matatu na bei tatu.

Na kwa bidhaa za kawaida kwa jumla, hakuna kitabu kinachoshinda ripoti za kila mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, za hapa Tanzania na za nchi jirani. Zisomwe hata pale zinapozungumzia halmashauri na mashirika yasiyo ya kijeshi, kwa kuwa mbinu za kugawanya zabuni ili zisifikie kikomo, kupokea bidhaa pungufu na kuongeza mkataba bila idhini hazijali mnunuzi amevaa sare au suti.

Kijana wa Ugavi

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiyo kwanza nimeajiriwa, na nimepewa kazi ya kutafuta bei za kulinganisha kwa ajili ya makisio. Nimeingia katika kanzidata ya biashara ya silaha ya SIPRI na matangazo ya mauzo ya silaha ya Marekani, nikagawanya jumla kwa idadi ya vifaa. Je, njia hiyo inafaa? Na kama muda ni mchache, nisome nini kwanza katika haya yote?

Mleta uzi

Marahaba. Simama hapo kabla hujaandika takwimu hizo popote.

Thamani zinazotolewa na SIPRI, taasisi ya Stockholm inayofuatilia biashara ya silaha, hazionyeshi fedha zilizolipwa. Ni kipimo chao maalumu cha ukubwa wa uwezo wa kijeshi uliohamishwa, kilichotengenezwa ili kulinganisha mwaka na mwaka au nchi na nchi, na wao wenyewe wanaeleza hivyo katika maelezo ya mbinu zao. Ukikitumia kama bei, umeanza makisio kwa kosa. Matangazo ambayo serikali ya Marekani hupeleka kwa Bunge lake nayo yana mtego wake: kiasi kinachotajwa ni kikomo cha juu kinachokadiriwa, na ndani yake kuna vipuri, mafunzo, risasi, zana za matengenezo na huduma za miaka kadhaa. Ukigawanya kwa idadi ya ndege unapata namba isiyo bei ya ndege wala bei ya kitu chochote. Yatumie kujua ni vitu gani vingine huambatana na ununuzi wa aina hiyo. Kwa kazi yako orodha hiyo ina faida kuliko namba yenyewe, kwa sababu makisio mengi huharibika kwa kusahau mafunzo na vipuri.

Kama ofisi yako inanunua kutoka Marekani kwa njia ya serikali kwa serikali, kuna kitabu cha kufundishia kinachotolewa bure na chuo cha Wizara ya Ulinzi yao, Security Cooperation Management. Ni kikavu kama mkaa, lakini kinaeleza barua ya ofa, malipo ya awali na ada za usimamizi, mambo ambayo wanunuzi wengi huyajua wakiwa wamekwisha kusaini. Ukihusika na silaha zenyewe, soma pia Mkataba wa Biashara ya Silaha uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013, hasa ibara zinazohusu kuzuia silaha zisielekezwe kwa mtu mwingine, ili uelewe kwa nini muuzaji anadai cheti cha mtumiaji wa mwisho, yaani hati ya kuthibitisha nani hasa atazitumia silaha, na kwa nini hutakiwi kukisaini kwa niaba ya mtu usiyemjua.

Kwa muda ulio nao, anza na ripoti ya Chinook, kwa sababu ni fupi. Soma huku umefungua rasimu ya mahitaji iliyo mezani kwako, na kila unapokutana na kitu ambacho Waingereza walisahau kukiandika, tafuta kama kwenu kimeandikwa. Kisha nenda kwenye maelezo ya hakimu kuhusu rada, halafu sehemu ya ripoti ya Afrika Kusini inayohusu ndege za mafunzo. Nimrod iachie likizo. Peck na Scherer wasubiri hadi utakapokabidhiwa mradi wenye kitu ambacho bado hakijatengenezwa.

Mwanasheria wa Pwani

Naongezea moja kwa kijana: ripoti hizo zisome pamoja na viambatisho vyake. Muhtasari wa mwanzo huandikwa kwa ajili ya waziri; tarehe za barua, nani alimwandikia nani na nani hakujibu, vimo nyuma.